Tunapima, Hatufui: Mapambo ya Usukuma katika Nchi ya Dhahabu

Mwezi Desemba uliopita nilisimama katika duka la sonara mjini Geita, nikitafuta pete ya harusi kwa ajili ya mpwa wangu. Kijana wa dukani aliniletea trei yenye pete kumi na kadhaa, zote ziking'aa chini ya taa. Nilimuuliza kama zilifuliwa hapo mjini. "Hapana mzee," akanijibu kwa adabu, "hizi ni za Dubai." Alilisema hilo kama sifa ya bidhaa. Nikamuuliza tena: je, hapa hamfui chochote? Akanionesha meza ndogo nyuma ya pazia, yenye tupa, koleo na jiko la gesi. "Hapa tunaunga mikufu iliyokatika, tunapunguza pete zilizopwaya, na tunapima."

Nilinunua pete, nikaondoka. Neno lake la mwisho lilinifuata njia nzima hadi Shinyanga, na ndilo chanzo cha makala haya.

Kwa miaka mingi mjadala wetu kuhusu madini ya Kanda ya Ziwa umekuwa mjadala wa mizani. Tunauliza ni kilo ngapi zimetoka, mrabaha ni asilimia ngapi, nani amedanganya uzito. Ni maswali halali, na wapo watu walioumia kwa kuyauliza. Hata hivyo, historia ya mapambo ya eneo hili inatudai swali jingine: nani anafua? Hoja yangu ni kwamba watu wa Usukuma, Unyamwezi na Uzinza walikuwa na sanaa ya mapambo ya metali kabla ya mtu yeyote kuja kutafuta dhahabu katika ardhi yao. Thamani ya sanaa ile ilitokana na mkono wa fundi na heshima ya mvaaji zaidi ya uzito wa madini. Uchumi wa dhahabu ulipoingia, tulipokea mizani yake, na karakana tukaiacha ife.

Waya kabla ya dhahabu

Richard Burton alifika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857. Mwenzake John Speke aliendelea kaskazini mwaka uliofuata, akakatiza nchi ambayo leo ni Mkoa wa Shinyanga, na kufika Mwanza mwanzoni mwa Agosti 1858. Maandishi yao yamejaa dharau ya zama zao, lakini yana faida moja kwa mwanahistoria. Msafiri aliyetaka kupita katika nchi za watemi alilazimika kujua watu wanavaa nini, kwa kuwa vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa hongo, nauli na chakula chake cha njiani. Hivyo wageni hawa waliorodhesha mapambo kwa uangalifu ambao hawakuutumia katika mambo mengine.

Katika orodha hizo tunakuta vitindi, yaani bangili za waya mnene wa shaba uliozungushwa mkononi mara nyingi. Tunakuta shanga za rangi na majina mengi, na kila nchi ikiwa na chaguo lake. Msafiri aliyebeba shanga ambazo zimepitwa na wakati alilala njaa. Tunakuta kiwangwa, kipande kilichokatwa kutoka kitako cha kombe la konokono wa Bahari ya Hindi na kuning'inizwa shingoni. Kitu kilichookotwa ufukweni kilisafiri mamia ya kilomita kwa miguu ya wapagazi hadi bara, na kadiri kilivyozidi kuwa mbali na bahari ndivyo heshima yake ilivyoongezeka.

Pambo linalonivutia kuliko yote ni sambo. Fundi alichukua nywele nene za mkia wa mnyama kama twiga au tembo, akazizungushia waya mwembamba, mzunguko kwa mzunguko bila kuacha nafasi, hadi akapata pete laini inayopindika kama kamba. Wanawake walizivaa miguuni kwa makumi. Waya wenyewe ulitoka pwani ukiwa mnene, wa kipimo kilichofaa biashara ya misafara. Kuufanya uwe mwembamba ilikuwa kazi ya mafundi wa huku. Waliuvuta kwa nguvu kupitia matundu ya bamba la chuma, kutoka tundu kubwa hadi dogo, mpaka ukawa kama uzi. Kwa hiyo metali ilikuwa ya kigeni, lakini ufundi ulikuwa wetu.

Henry Morton Stanley, alipokuwa akijiandaa mwaka 1871 kwa safari ya kumtafuta Livingstone, alielezwa na wazoefu wa misafara mlinganisho ambao wanafunzi wangu huucheka kila ninapoutaja darasani. Aliambiwa kwamba shanga huku bara ni sawa na sarafu za shaba, nguo ni sawa na sarafu za fedha, na waya, katika nchi zilizo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huhesabiwa kama dhahabu. Wanafunzi hucheka kwa sababu wanajua kilichokuwa chini ya udongo wa Geita. Mimi sioni ujinga wowote katika mlinganisho huo. Waya ulikuwa na thamani kwa kuwa mafundi walijua la kuufanyia na watu walitamani kuuvaa.

Upande wa magharibi, katika nchi ya Wazinza ambayo sehemu yake kubwa leo imo ndani ya Mkoa wa Geita, walikuwepo Warongo, wahunzi waliojulikana kwa kuyeyusha mawe ya chuma kwa mivukuto na tanuri za udongo. Majembe yao yalisafiri hadi Usukuma na Unyamwezi, yakawa pia mali ya kulipia mahari. Ardhi ile ile ambayo leo tunaitaja kwa dhahabu ilitajwa na majirani zake kwa chuma, na watu waliokifua walikuwa na jina lao linalojulikana.

Ukisoma orodha hizo za karne ya 19, dhahabu haimo. Akiba ya Msukuma ilikuwa ng'ombe. Hali ilikuwa tofauti pwani: masonara wa Zanzibar na Lamu waliyeyusha riale za fedha za Maria Theresa, wakazifanya bangili na vikuku, na mwanamke alitembea na akiba yake mwilini. Sisi tulizitembeza akiba zetu machungani, na mapambo tukayaachia kazi ya kusema mtu ni nani: mtemi, mganga, mama wa mapacha, bibi harusi, mchezaji ngoma.

Kilichopotea na aliyekipoteza

Sanaa hii haikufa siku moja. Majembe ya viwandani yaliwanyang'anya wahunzi soko lao. Nguo za dukani zilibadili namna mwili unavyopambwa. Mwaka 1963 sheria iliondoa mamlaka ya watemi, na vitu vya enzi vikapoteza mahali pake pa kazi. Vingine vilifichwa, vingine viliuzwa. Baadhi vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, yaliyoanzishwa mwaka 1968 karibu na Kisesa, ambako padre Mkanada, David Clement, alishirikiana na wazee kukusanya ngoma, viti na mapambo ya falme ndogo za Usukuma. Tunamshukuru. Lakini ni jambo la kutafakari kwamba jumba la kumbukumbu zetu lilisimamishwa na mgeni, katika muongo ule ule ambao sisi wenyewe tulikuwa tukiuona ushamba katika vitu vile.

Nisiwalaumu wazee peke yao. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na bangili za waya, nyingine za mama yake, alizozitunza ndani ya chungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanunuzi wa vyuma chakavu walianza kupita vijijini kwetu wakiwa na baiskeli na mizani ya kuning'iniza. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Siku moja, bibi akiwa shambani, nilikichukua chungu kile nikawapelekea. Walivipima vyote kwa pamoja na sufuria lililotoboka, wakanilipa fedha zilizotosha madaftari na soda. Bibi hakunichapa. Aliniuliza tu kama nilijua zilikuwa za nani, nami sikujua. Ilibaki bangili moja, ile aliyokuwa ameivaa siku hiyo.

Nimekuwa mwalimu wa historia kwa miaka mingi, na bado sijapata mfano bora wa kueleza maana ya kupima. Mizani ya yule mnunuzi haikusema uongo. Ilisema kweli kuhusu jambo moja, ikanyamaza kuhusu mengine yote.

Sarafu, jiwe na kontena

Wajerumani walitambua dhahabu katika eneo la Geita mwishoni mwa karne ya 19, lakini mgodi wao mashuhuri ulikuwa Sekenke, katika nchi ya Iramba. Mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa na vita na wakihitaji fedha za kulipia, walitumia dhahabu ya Sekenke kupiga sarafu za rupia 15 mjini Tabora, katika karakana ya reli. Zilipigwa takriban 16,000, zikiwa na picha ya tembo. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani huzigombania. Miongoni mwa vitu vya kwanza vinavyojulikana kutengenezwa kwa dhahabu ya bara letu, hapa hapa bara, ni hizi sarafu za serikali ya kikoloni iliyokuwa ikishindwa vita.

Mgodi wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, ukawa mkubwa kuliko yote ya dhahabu nchini wakati huo, kisha ukafungwa, na uchimbaji mkubwa ukarudi mwaka 2000. Kati ya vipindi hivyo viwili, na hata leo, maduara ya wachimbaji wadogo yamelisha familia nyingi. Lakini tukio ambalo ningependa kila mwanafunzi wa Shinyanga alijue linahusu almasi.

Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua mwamba wa almasi huko Mwadui. Mwezi Oktoba 1947 lilipatikana humo jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5. Williamson alilitoa kuwa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwezi uliofuata. Jiwe lilipelekwa kwa wakataji wa London, likabaki na karati 23.6. Mwaka 1953 nyumba ya vito ya Cartier ililiweka katikati ya pini ya kifuani yenye umbo la ua, na malkia akaivaa kwa miongo mingi.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Jiwe lilipoteza zaidi ya nusu ya uzito wake, na thamani yake ikapanda. Kwa kanuni ya mizani hilo ni hasara. Kwa kanuni ya mkono ndiyo faida yenyewe. Tazama pia majina. Almasi inaitwa kwa jina la Williamson, pambo linatajwa kwa jina la Cartier. Jina Mwadui linabaki katika maelezo ya pembeni. Oktoba 2022, almasi nyingine ya waridi kutoka mgodi huo huo, yenye karati 11.15, iliuzwa mnadani Hong Kong kwa takriban dola za Marekani milioni 57.7. Iliitwa Williamson Pink Star. Miaka 75 baadaye tulikuwa bado chanzo cha jiwe, na jina lilikuwa la mwingine.

Kisha ikaja mwaka 2017 na makinikia. Wengi wenu mnakumbuka makontena 277 yaliyozuiwa, na jinsi taifa zima lilivyogeuka kuwa kamati ya mizani: kuna dhahabu kiasi gani ndani, fedha kiasi gani, shaba kiasi gani? Mimi nilishiriki mijadala ile kwa moyo wote, na sijutii, kwa kuwa mwenye mali ana haki ya kujua uzito wa mali yake. Ninachojutia ni kwamba dhahabu, fedha na shaba, metali tatu ambazo masonara wa dunia nzima huishi kwazo, zilikuwa midomoni mwetu kwa miezi kadhaa, na sikumbuki kumsikia mtu akimtaja sonara.

Hatua zilizofuata zilikuwa za maana. Machi 2019 lilifunguliwa Geita soko la dhahabu, la kwanza katika mfumo mpya wa masoko ya madini, na mchimbaji mdogo akapata mahali pa wazi pa kuuzia. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha kusafisha dhahabu Mwanza, chenye uwezo wa kilo 480 kwa siku. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe na kuuzwa nchini, Benki Kuu ikiwa mnunuzi. Nawapongeza watumishi wa umma waliofanikisha haya, na najua baadhi yao husoma ukurasa huu. Ila tusidanganyane: dhahabu iliyosafishwa na kulala katika hazina ya Benki Kuu ni akiba njema ya taifa, na bado haijapita mkononi mwa fundi.

Watu wa ziwa jingine

Viktoria ni ziwa la pili duniani kwa ukubwa wa eneo miongoni mwa maziwa ya maji baridi. La kwanza ni Superior, kati ya Kanada na Marekani. Wanaoishi tangu zamani kandokando ya ziwa hilo na jirani zake ni Waanishinaabe, jina linalowajumuisha Waojibwe, Waodawa na Wapotawatomi. Nawaleta hapa kwa sababu historia yao ya mapambo inafanana na yetu mwanzoni, kisha inaachana nayo mahali panapofundisha.

Katika nchi hiyo watu wa kale walichimba na kufua shaba kwa maelfu ya miaka. Katika karne ya 18 wafanyabiashara wa ngozi zenye manyoya waliwaletea mapambo ya fedha, bangili na pini zilizofuliwa na masonara wa Montreal, Philadelphia na London, kama vile misafara ya pwani ilivyotuletea waya. Fedha ile ilikuwa ya kigeni kwao. Hata hivyo waliipa maana yao. Leo wapo masonara wa Kianishinaabe wanaofua fedha kwa mkono na kuchora ndani yake maua yaliyotoka katika ushonaji wa shanga wa bibi zao, au ndege wa radi wa simulizi zao. Mnunuzi hulipia fedha kidogo, na hulipia zaidi mkono na jina.

Sisemi waliishi kwa raha. Walinyang'anywa ardhi, na watoto wao walitiwa katika shule za bweni zilizokusudia kuwasahaulisha lugha yao. Urithi wao nao huibwa. Mwaka 2023 polisi wa Ontario walitangaza kukamatwa kwa watu wanane na kutwaliwa kwa michoro zaidi ya 1,000 iliyodaiwa kughushiwa kwa jina la Norval Morrisseau, mchoraji mkubwa wa Kiojibwe aliyefariki mwaka 2007. Lakini kughushi huko kunathibitisha jambo: mwizi haghushi jina lisilo na thamani. Kwa upande wa Marekani, sheria ya mwaka 1990 inalifanya kuwa kosa kuuza kazi ya sanaa kwa madai ya uongo kwamba imetengenezwa na mwenyeji asilia. Mwenye kuuza anatakiwa aseme kweli kuhusu aliyefua.

Fundisho kwetu ni kwamba ugeni wa metali si kizuizi. Atakayesema dhahabu na fedha si utamaduni wa Msukuma ajue kwamba hata waya wa sambo haukuchimbwa Usukuma. Metali huwa ya watu pale mikono yao inapoizoea.

Jambo moja linaloweza kufanyika

Dhahabu inapochimbwa Kanda ya Ziwa huwa na kiasi cha fedha ndani yake, na kusafisha dhahabu ni pamoja na kuitenga fedha hiyo. Fedha ni nafuu mara nyingi kuliko dhahabu. Kijana anayejifunza anaweza kuiharibu bila kumfilisi mwalimu wake. Kwa nini basi kando ya soko la dhahabu pasiwe na karakana moja ya mafundi, inayouziwa fedha hiyo kwa gramu, na vijana wakafundishwa kuvuta waya, kuunga na kuchora? Na kwa nini mitindo yao ya kwanza isitoke Bujora, kwenye vitindi, sambo na viwangwa, baada ya wazee wenye vitu hivyo kuombwa ruhusa na majina yao kuandikwa? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Lakini sheria haiwezi kulinda kitu ambacho hakuna aliyekipiga picha, kukipa jina wala kueleza kilivyotengenezwa. Kazi hiyo ya kuandika ni yetu, walimu na wanafunzi wa vyuo, na haihitaji mwekezaji.

Nilirudi katika duka lile mwezi Februari. Bibi alishafariki, na bangili moja iliyobaki alinirithisha mama yangu. Nilimpelekea kijana bila kumweleza lolote. Aliiweka kwenye mizani kwanza, kama alivyozoea, akasoma namba, akasema, "Mzee, hii ni shaba, haina bei." Kisha akaichukua kuirudisha, akasita. Akaigeuza chini ya taa, akaitazama kwa kioo cha kukuzia, akapitisha kucha kwenye mizunguko ya waya akitafuta mahali ulipoungwa. Hakupaona.

"Hii amefua nani?" akaniuliza.

Ni swali lile lile aliloniuliza bibi, nami nilikuwa bado sina jibu.